Kununua, kulipa na kutunza pesa kwa simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwanza kwa watumiaji wa Tanzania. Pale ambapo Kenya mambo ni tofauti, imetajwa. Kama pesa imeondoka sasa hivi, usianzie juu: nenda moja kwa moja swali la 16.

## Mambo ya msingi

1. Matapeli wanaingiaje kwenye akaunti yangu? Wana mitambo gani?

Mara nyingi hawaingii. Wanakufanya wewe uwafungulie. Kuvunja mfumo wa benki au wa kampuni ya simu ni kazi ngumu na ghali, lakini kumpigia mtu aliyebanwa na kazi na kumwambia laini yake inafungwa leo hakuhitaji mtambo wowote. Karibu kila utapeli wa simu unatafuta kimoja kati ya vitu vinne: namba yako ya siri, namba ya uthibitisho iliyokuja kwa ujumbe, laini yenyewe, au kidole chako kibonyeze "tuma".

Ukipokea simu au ujumbe usioeleweka, jiulize huyu anataka kipi kati ya hivyo. Akikutaka ufanye upesi, akikukataza kukata simu, au akikwambia usimweleze mtu, hapo huhitaji ushahidi mwingine. Kata.

2. Namba ya siri, OTP na PUK zinatofautianaje?

Namba ya siri ni tarakimu nne unazoweka kuidhinisha muamala kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) au HaloPesa. Inaandikwa sehemu mbili tu: kwenye menyu uliyoifungua mwenyewe, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania, au kwenye app rasmi. Wakala haihitaji ili akuwekee pesa wala akutolee. Unaiandika wewe, kwenye simu yako, yeye akiangalia pembeni.

OTP ni namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS, aghalabu tarakimu sita, na inakufa baada ya dakika chache. Hiyo ni ya kuandika, si ya kutaja. Ujumbe wenyewe huwa unasema usimpe mtu yeyote, na "mtu yeyote" ni pamoja na anayejitambulisha kuwa wa benki.

PUK ni tarakimu nane za kufungua laini iliyojifunga baada ya kukosea PIN ya laini mara tatu. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Itabidi uibadilishe dukani.

3. Simu imeniletea kisanduku kinachotaka namba ya siri wakati sijanunua kitu. Niweke?

Usiweke. Unapolipia kitu kwenye tovuti au app, muuzaji hutuma ombi la malipo kwenye simu yako: linatokea lenyewe likiwa na jina la biashara na kiasi, nawe unamalizia kwa namba ya siri. Njia ni halali na ni salama, mradi ombi umelianzisha wewe. Tapeli naye anaweza kukurushia ombi kama hilo, kisha akakupigia kukwambia "weka namba ya siri upokee zawadi yako."

Kumbuka hili moja: kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri hata siku moja. Ukiiweka, pesa inatoka.

4. Nitajuaje kama anayenipigia ni kampuni ya simu kweli?

Kenya, Safaricom wanapiga kwa namba moja tu, 0722 000 000. Tanzania, huduma kwa wateja ni 100. Lakini usitegemee namba inayoonekana kwenye kioo, kwa sababu inaweza kughushiwa. Kata simu, kisha piga wewe. Kama kweli kuna tatizo kwenye akaunti yako, watalikuta kwenye mfumo. Mhudumu wa kweli hachukii ukikata na kupiga upya.

## Ujumbe na linki

5. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Inawezekanaje tapeli ajue nadaiwa?

Hajui. Ujumbe huo umerushwa kwa maelfu ya namba, na kati yao wapo wanaodaiwa kodi, ada au pesa ya fundi siku hiyo hiyo. Ni hao anaowavua. Uangalie kwa karibu:

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile laini nyingine ina deni. Weka na ya kutolea."

Hakuna jina lako, hakuna kiasi, hakuna jina la aliyetuma. "Ile hela" inakuachia wewe ujaze. "Laini nyingine ina deni" inajibu swali ambalo ungeuliza, yaani kwa nini namba ni ngeni. Mara nyingi huongezwa na "jina litakuja la fulani", ili jina geni likitokea kwenye kioo lisikushtue. Kile kituo cha mwisho, pale menyu inapokuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, ndicho kinga yako kubwa, na tapeli amekwisha kukiua kwa sentensi moja.

Mpigie anayekudai kwa namba uliyonayo siku zote. Ujumbe wenyewe utume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti utapeli, ukiambatanisha namba iliyoutuma. Kenya, kwa Safaricom, utume kwenda 333.

6. Mtu anasema amenitumia pesa kimakosa na anaomba nimrudishie. Nifanyeje?

Kwanza angalia salio kwa menyu, si kwa kusoma ujumbe. SMS ya "umepokea Tsh 150,000" mtu anaweza kuiandika kwa mkono. Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyokuja.

Kama pesa ipo kweli, bado usiirushe wewe. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake aombe muamala urudishwe. Kampuni itawasiliana nawe. Ukimrudishia mwenyewe, halafu naye akawa ameomba urejeshaji, unaweza kujikuta umetoa mara mbili. Na usiitumie: kutumia pesa unayojua si yako kutakuletea kesi.

7. Nasomaje anwani ya linki kujua kama ni ya benki yangu?

Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya "https://", kisha rudi nyuma kulia kwenda kushoto. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo yanayoonyesha mwenye tovuti. Chukua mfano wa kubuni: benkiyako.co.tz.hakiki-sasa.com/ingia. Jicho linaona "benkiyako.co.tz" na kutulia. Lakini mwenye nyumba hapo ni hakiki-sasa.com; yaliyo mbele ni chumba tu alichokipa jina alilotaka.

Anwani zinazoishia .go.tz au .go.ke ni za taasisi za serikali. "Ajira za serikali", "ruzuku" au "mkopo wa vijana" wenye linki ya namna nyingine uuache.

Alama ya kufuli haithibitishi uaminifu. Inasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo hayasomwi njiani, na tovuti ya tapeli inapata kufuli bure ndani ya dakika chache. Njia rahisi kuliko zote: usiingie benki kupitia linki. Fungua app, au andika anwani mwenyewe.

## Kununua na kuuza

8. Nimeona duka Instagram lina bei nzuri. Nalikaguaje?

Usihesabu wafuasi, wananunuliwa. Alama ya buluu nayo, tangu 2023, mtu anaweza kuilipia kwa mwezi. Angalia haya:

- Bonyeza jina la akaunti juu ya ukurasa, fungua sehemu ya "Kuhusu akaunti hii". Utaona ilifunguliwa lini na, kwa baadhi ya akaunti, imebadilisha jina mara ngapi. Duka la simu ambalo mwaka jana lilikuwa ukurasa wa vichekesho ni akaunti iliyonunuliwa au kuibwa.
- Angalia kama maoni yamefungwa. Muuzaji anayefunga maoni kwenye kila picha anaficha wanaolalamika.
- Piga picha ya skrini ya bidhaa na uitafute kwa Google Lens. Ikitokea kwenye maduka ya nchi tano, muulize muuzaji akurekodie video fupi ya bidhaa hiyo akitaja jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo hufanya hivyo kwa nusu dakika. Asiye nao ataanza kukuuliza kama humwamini.

Bei nayo inasema. Simu mpya ya milioni moja na nusu haiuzwi laki sita kwa sababu ya "ofa ya leo".

9. Niko mkoani, muuzaji yuko Kariakoo, anataka nilipe kwanza ndipo atume kwa basi. Kuna njia salama?

Hapa ndipo wengi wanapoibiwa, na hakuna jibu lisilo na hatari kabisa. Lililo bora ni kumtumia mtu: ndugu au rafiki aliye Dar es Salaam akakague, alipe, apeleke mzigo stendi mwenyewe. Ukimlipa nauli na kumshukuru, bado umetumia pesa kidogo kuliko kupoteza yote.

Kama huna mtu, gawa malipo. Lipa sehemu ndogo ya kuonyesha nia, na nyingine baada ya mzigo kuingia kwenye basi na wewe kupata picha ya risiti. Risiti ya kweli ina jina la kampuni ya basi, tarehe, jina na namba ya simu ya mpokeaji, na namba ya mzigo. Usiishie kuitazama, piga ofisi ya kampuni hiyo kwa namba uliyoipata stendi ya kwenu, si ile aliyokupa muuzaji, uwatajie namba ya mzigo. Risiti ya mwaka jana iliyofutwa tarehe hupita kirahisi machoni, lakini haipiti ofisini.

Hata hivyo, risiti inathibitisha kwamba boksi limesafiri. Haisemi kilichomo. Kwa vitu vya bei kubwa, ofisi ya basi haitakuokoa. Nunua duka ambalo mtu wako anaweza kulifikia.

10. Nilipe kwenye namba ya mtu au Lipa Namba?

Lipa Namba, au Till kwa Kenya. Imesajiliwa kwa jina la biashara, na jina hilo linatokea kabla hujathibitisha. Jina la duka na jina la Lipa Namba visipofanana, uliza kabla ya kubonyeza. Muuzaji anayeng'ang'ania namba binafsi "kwa sababu Lipa Namba ina makato" anaweza kuwa mkweli, lakini ujue ikitokea shida unamdai mtu, si biashara.

Kenya, ukituma pesa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji linatokea na unapewa sekunde chache za kusitisha. Zitumie kusoma.

11. Je, nilipe mtandaoni kwa kadi ya benki?

Kwa maduka ya nje ya nchi, ndiyo, na ina kinga ambayo pesa ya simu haina: mzigo usipofika, benki yako inaweza kuupinga muamala kupitia Visa au Mastercard. Muda wa kufungua dai mara nyingi ni siku 120, lakini usisubiri. Peleka ushahidi wa oda na mawasiliano mapema.

Usitumie kadi ya akaunti ya mshahara. Benki nyingi zina kadi ya malipo ya awali au kadi ya mtandaoni unayoiwekea kiasi cha ununuzi huo tu. Kama yako haina, fungua akaunti ndogo ya pembeni. Malipo ya mtandaoni yazime kwenye app ukimaliza, kama app inaruhusu. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi usizipige picha wala kuzituma WhatsApp: namba ya mbele, tarehe ya mwisho na tarakimu hizo tatu vikikutana kwa mtu mwingine, kuna maduka yatakayomuuzia bila kuuliza OTP.

12. Mimi ndiye muuzaji. Mteja kanionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake.

Ujumbe wake hauna kazi. Subiri wako, kisha angalia salio au taarifa ya Lipa Namba kabla bidhaa haijatoka mkononi, hata kama foleni ni ndefu na mteja ana haraka. Tapeli wa dukani huchagua saa ya jioni yenye watu wengi. Mfundishe na kijana anayekuuzia: bila salio kuongezeka, mzigo hautoki, hata mteja awe mkali kiasi gani.

## Laini na simu yenyewe

13. Laini yangu imepoteza mtandao ghafla. Ni kawaida?

Mtandao ukipotea mtaa mzima, ni mnara. Ukipotea kwako peke yako na wenzako wa mtandao uleule wanapiga, inawezekana mtu amebadilisha laini yako, na OTP zote sasa zinaingia kwake. Azima simu hapo hapo, piga huduma kwa wateja, waombe wafunge laini na akaunti ya pesa. Kisha piga benki. Kenya, wateja wa Safaricom wanaweza kuzuia mapema kwa *100*100#, ili laini isibadilishwe popote isipokuwa kwenye duka la kampuni.

14. Nitajuaje kama kuna laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu?

Piga *106#, Tanzania na vilevile kwa Safaricom Kenya, na ufuate maelekezo kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo kila baada ya kusajili laini mtaani. Usajili wa alama za vidole umefunga mianya mingi, lakini umeacha mmoja: wakala anayekwambia "mashine haijasoma, weka tena" mara ya tatu na ya nne anaweza kuwa anasajili laini nyingine kwa kidole chako. Laini hiyo ndiyo itakayotumika kuibia watu, kwa jina lako. Ukiona usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, uikatae.

Angalia pia kama simu zako zimeelekezwa kwingine: piga *#21#. Ukikuta namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Ndiyo maana usikubali kupiga namba zenye nyota unazosomewa na mtu kwenye simu.

15. App ya mkopo inaomba kuona majina na ujumbe wangu. Nikubali?

Hapana. App inayosoma ujumbe inasoma na OTP. Inayochukua majina inayachukua ili siku ukichelewa kulipa iwaaibishe ndugu zako na bosi wako. Hawa ndio wakopeshaji ambao mtaani wanaitwa kausha damu. Tanzania anayekopesha kidijitali lazima awe na leseni au idhini ya Benki Kuu. Kenya, ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha ziko kwenye tovuti za benki hizo.

App iliyotumwa WhatsApp kama faili la kusakinisha, hata ikiitwa "kadi ya harusi", usiifungue. Kama umeshaifungua, zima data, ifute, kisha badilisha namba za siri ukitumia simu nyingine.

## Likishatokea

16. Nimeibiwa sasa hivi. Nianzie wapi?

1. Piga 100, au 234 kwa M-Pesa Kenya, uombe muamala uzuiwe. Kwa Safaricom unaweza pia kutuma ujumbe wote wa muamala kwenda 456. Uwe na namba ya kumbukumbu ya muamala, ile ya herufi na tarakimu iliyo kwenye ujumbe. Usifute kitu.
2. Badilisha namba ya siri, na kama kadi imehusika, ifunge kwenye app ya benki au kwa simu.
3. Piga picha za skrini za mazungumzo yote, namba, na majina yaliyotokea.
4. Nenda polisi upate namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, au ya OB kwa Kenya. Kampuni ya simu haitakupa taarifa za mwenye laini bila polisi, kwa hiyo bila namba hiyo hakuna kinachosonga. Tanzania inatumika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015; Kenya, sheria ya 2018.

Dakika zina uzito wake. Pesa ikiwa bado kwenye laini ya tapeli inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, imebaki kazi ya polisi. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana anaitoa au kuihamisha mara moja.

17. Benki inasema kosa ni langu. Nimefika mwisho?

Hapana. Andika lalamiko kwa maandishi, upate nakala iliyogongwa muhuri. Usiporidhika na majibu, lipeleke Benki Kuu, yenye dawati la malalamiko ya wateja. Kama ulitoa OTP mwenyewe, nafasi yako ni ndogo, nasi hatutakupa matumaini ya uongo. Kama pesa ilitoka baada ya laini kubadilishwa bila wewe kujua, hoja yako ina nguvu: omba kumbukumbu za lini na wapi laini ilibadilishwa.

18. Rafiki kaniomba hela WhatsApp, kumbe akaunti yake imeibwa. Yangu naikingaje?

Ingia mipangilio, akaunti, kisha uthibitisho wa hatua mbili, uweke PIN ya tarakimu sita. Hapo hata anayepata ile namba ya uthibitisho hawezi kuingia bila PIN. Kagua pia vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovijua. Akaunti ikishaibwa, jisajili upya kwa namba yako mara moja, na wajulishe watu kwa SMS ya kawaida, kwa kuwa tapeli anasoma makundi yako.

19. Mama yuko kijijini, hajui kusoma menyu. Wakala ndiye anamfanyia kila kitu, hadi namba ya siri anayo.

Usimkataze kumtumia wakala. Hana njia nyingine. Punguza kinachoweza kupotea. Mtumie kidogo kidogo badala ya mkupuo, na akiba iwe kwenye laini tofauti au kwenye kikundi chake. Mtafute mtu mmoja wa nyumbani, mjukuu au jirani anayeaminika, awe ndiye anayebonyeza. Ukienda likizo, badilisheni namba ya siri pamoja. Mfundishe sentensi moja ya kumjibu kila anayepiga: "Mpigie mwanangu."

20. Naishi Muscat, laini yangu ya Tanzania nimeiacha kwa kaka ili anipokelee OTP. Kuna ubaya?

Mwenye laini yako ndiye mwenye akaunti yako, na laini ikipotea kwake utachelewa kujua. Chukua laini hiyo, iweke nafasi ya pili ya simu yako, na uliza kampuni kuhusu huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi. Itumie mara kwa mara na kuiongezea salio, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kuuzwa upya kwa mtu mwingine. Ukiamua kuiacha kabisa, kwanza iondoe benki, WhatsApp na barua pepe, kisha ndipo uiache.